Thina ya Gari Kwenye Plastiki: Fundi Anajibu

*Shikamoo Fundi. Mjomba aliniletea kutoka nje boksi la kuunganisha Land Cruiser ya plastiki, ukubwa wa 1/24. Niliiunganisha vizuri, nikaenda duka la rangi za magari hapa Moshi nikapimiwa rangi ya NC ya kijani na thina nusu lita. Nilipaka boneti kwa brashi. Asubuhi nikakuta inakwaruza mkononi na ina nyufa ndogondogo, na kioo cha mbele kimepauka. Muuzaji anaapa thina yake ni orijino. Nimeuziwa feki? — Mwanafunzi, Majengo, Moshi*

Marahaba, mwanangu. Muuzaji usimgombeze. Inawezekana kabisa thina yake ni orijino, na ndiyo maana boneti imeliwa. Thina ile ni ya bati. Mimi huku Unga Limited, Arusha, napiga rangi magari ya watalii, thina ya namna hiyo iko mikononi mwangu kutwa nzima. Ndani yake kwa kawaida kuna tolueni, asetoni na ndugu zao. Bati halina habari nazo. Modeli yako ni ya polistirini, plastiki ileile ya makasha magumu ya CD, na polistirini huyeyuka kwenye asetoni na tolueni. Hata gundi ya plastiki, ile ya majimaji, uliyounganishia hilo gari hufanya kazi hivyohivyo: inalainisha kingo mbili, zinaingiana, zinakauka zikiwa kitu kimoja. Wewe ni kama umeipaka boneti nzima gundi.

Halafu kuna brashi. Laka, yaani rangi kama hiyo NC yako, hukauka kwa thina kuruka tu, basi. Ikiguswa tena na thina, inalainika upya. Kwa brashi unaacha maji ya thina yamesimama juu ya plastiki, unarudia mkono wa pili (yaani tabaka la pili), unakoroga ule wa kwanza, na thina inazidi kuzama. Ukipuliza kwa kibomba chembamba cha kupulizia rangi (airbrush), matone yanatua yakiwa yameshaanza kukauka. Yanauma plastiki kidogo, kisha thina inaondoka zake. Na kule kuuma kidogo ndiko tunakokutaka. Laka ikishika plastiki imeshika kweli: unabandika utepe juu yake, unabandua, rangi haitoki. Kwa hiyo usiniambie laka ni mbaya kwa modeli, sikubali.

Ziko laka zilizotengenezwa kwa kazi hii, kama Mr. Color na zile za Tamiya zenye namba za LP, zote za Japani. Thina zake ni za upole kuliko ya bati, na nyingine zina kicheleweshi ili rangi ipate muda wa kutandaa. Mimi huanza na rangi sehemu moja kwa thina sehemu mbili, mkono wa kwanza mwepesi kiasi kwamba plastiki bado inaonekana chini, nasubiri, narudia. Wapo wanaopuliza NC ya gari juu ya praima ikatoka safi. Hata mimi nafanya, kwenye bodi pana la modeli, kwa mikono mikavu. Kwenye vipande vidogo kama grili na vioo vya pembeni, sithubutu.

Boneti yako iache siku kadhaa, maana thina bado imo ndani ya plastiki. Kisha msasa wa maji namba 600, umalizie na 1000, halafu praima. Usijaribu kuitoa rangi kwa thina hiyohiyo! Kioo kisugue kwa namba 2000 na maji, kisha dawa ya meno kwenye kitambaa laini. Kama nyufa zimeingia ndani hazitatoka. Siku nyingine dondoshea thina kwanza kwenye vile vijiti vya fremu vilivyokuwa vimeshika vipande. Ni plastiki ileile, na unavitupa hata hivyo. Ikikauka, kwaruza kwa ukucha uone kama imeliwa.

*Fundi, kijana wangu anapulizia modeli chumbani, nyumba nzima inanuka. Anavaa barakoa ya hospitali. Inatosha? — Mama, Sakina, Arusha*

Haitoshi, mama. Barakoa ile inazuia vumbi na matone, mvuke wa thina unapita kama hakuna kitu. Anahitaji ile ya mpira yenye vichujio vya mkaa pande mbili, inayobana usoni. Akisikia harufu akiwa ameivaa, ama haijabana ama vichujio vimekwisha. Na atoke chumbani. Kibarazani panafaa, vumbi letu la kiangazi atalikinga kwa boksi la kadibodi lililolazwa ubavu.

Mvuke huo unashika moto, tena ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni. Jiko la mkaa au la gesi lisiwe karibu, hata kama liko chumba cha pili na mlango uko wazi.

Kuna jambo hujaniuliza, ila nitalisema. Thina mnapimiwa kwenye chupa tupu za maji ya kunywa. Nyeupe, safi, haina tofauti na maji. Mtoto mdogo akiikuta mezani atainywa. Mwambie kijana aihamishie kwenye kopo la bati lenye kifuniko, aandike kwa kalamu ya wino mzito, aifungie juu.

*Mwezi wa nne nikipuliza laka nyeusi inatoka na ukungu mweupe. Rangi imeharibika? — Njiro, Arusha*

Rangi ni nzima. Thina ikiruka haraka inapoza uso wa rangi, na unyevu wa masika unatua hapo. Subiri mchana jua likitoka, puliza thina ya polepole (yenye kicheleweshi) bila rangi, kiasi kidogo sana. Mara nyingi weusi unarudi.

*Naweza kupuliza laka juu ya rangi ya mafuta? — Pasua, Moshi*

Hapana. Rangi ya mafuta hukauka kwa kushikana na hewa, thina ya laka ikiifikia inavimba na kujikunja. Kinyume chake ruksa: laka chini, rangi ya mafuta juu, kwa sababu tapentaini haiyeyushi laka iliyokauka. Kama umeshapuliza na imekunjamana, iache ikauke kabisa, kisha msasa mpaka chini.