Mwanangu hataki kusimama bendera ikishushwa, anasema ni shirki. Ni kweli shekhe?

SWALI: Asalaam aleikum shekhe. Mimi ni mama, nakaa Tanga. Kijana wangu yupo kidato cha pili, ameanza kusikiliza mawaidha ya kwenye simu na siku hizi shuleni hataki kusimama mstarini wimbo wa taifa ukiimbwa, anasema ni shirki. Juzi tunatoka sokoni tukapita karibu na kituo cha polisi saa 12 jioni, filimbi ikalia bendera inashushwa, watu wote wakasimama yeye anatembea tu, askari akamrudisha kwa ukali mpaka mimi nikawa natetemeka. Kufika nyumbani ananiambia mama na wewe umeabudu kitambaa. Mwalimu nae ameshaniita. Je nimeshirikisha kweli? Na huyu mtoto nifanye nae nini?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, tulia kwanza, hujashirikisha. Nimeona nikujibu hilo mwanzo kabisa maana najua mtu akiambiwa na mtoto wake mwenyewe kwamba ametoka kwenye dini usiku halali.

Sasa tuingie kwenye swali. Shirki ni kumpa kiumbe haki ya Mwenyezi Mungu, umuombe yeye, umtegemee kwa yale ambayo Allah peke yake ndo anayaweza, umsujudie. Quran imesema wazi, msilisujudie jua wala mwezi, bali msujudieni Mwenyezi Mungu aliyeviumba. Kwahiyo kama kuna mtu anaisujudia bendera au anaiomba riziki huyo tungekua na maneno nae mengine, lakini wewe umetoka sokoni na kikapu chako filimbi imelia ukasimama, muendesha baiskeli ameshuka, wa bodaboda amezima pikipiki, bendera ikafika chini ikakunjwa filimbi ya pili ikalia kila mtu akaendelea na safari yake. Hapo nani kaomba nini kwa nani? Zile rangi zimewekwa 1964 baada ya Muungano na maana zake kila mwanafunzi anazijua, kijani ni ardhi na mimea, njano ni madini, nyeusi ni sisi watu, bluu ni maji. Umesimama kwa heshima ya nchi unayoishi basi.

Na heshima ya kusimama ipo kwenye sunna. Mtume swalla Allahu alayhi wasallam lilipita jeneza akasimama, akaambiwa ni la Myahudi, akasema kwani sio nafsi? Hadithi ipo kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Alafu Sayyidna Umar radhi za Allah ziwe juu yake alipolibusu Jiwe Jeusi la kwenye Kaaba alisema najua wewe ni jiwe tu hudhuru wala hunufaishi, na lau nisingemuona Mtume anakubusu nisingekubusu. Umeona hapo, midomo imegusa jiwe lakini moyo unajua jiwe ni jiwe.

Na bendera zenyewe Waislamu walikua nazo. Vita vya Muta, Waislamu na jeshi la Warumi, mwaka wa 8 Hijria, Mtume alimpa bendera sahaba wake Zaid bin Haritha, akasema akifa ashike Jaafar, akifa Jaafar ashike Abdallah bin Rawaha. Zaid akauawa. Jaafar akaichukua, na waandishi wa sira, yaani maisha ya Mtume, wanaeleza mkono wake wa kulia ulikatwa akaishika kwa kushoto, wa kushoto nao ukakatwa akaikumbatia kifuani mpaka akafa shahidi, na Mtume alikua Madina anawasimulia watu hayo kabla habari haijafika huku macho yake yanabubujika machozi. Wallahi kisa hiki sijawahi kukisoma nikabaki kawaida. Sasa Jaafar alikua anaabudu kitambaa? Haiwezekani! Alijua bendera ikianguka watu watatawanyika, ndo maana akaifia. Kuna atakaesema ile ilikua bendera ya jihadi na hii ni ya serikali, sawa, hazilingani, mimi sisemi zinalingana, ninachosema ni kwamba kuipa alama thamani yake sio kuiabudu.

Lakini nisikufiche kitu, wanazuoni hapa wametofautiana. Kamati ya kudumu ya fatwa ya Saudia imesema haifai kusimama kwa ajili ya bendera au wimbo wa taifa, wakaona ni bidaa, yaani jambo lililozushwa kwenye dini, na ni njia inayoweza kufikisha watu kwenye shirki. Dar al-Ifta ya Misri wao wamesema inafaa kwa sababu ni desturi ya heshima sio ibada. Mimi nipo na hawa wa pili. Kwahiyo kijana wako kuna kauli ya wanazuoni ameisikia, tatizo ni kwamba katikati ya njia imeongezwa chumvi, kutoka "haifai" ikawa "mama yangu mshirikina", na hilo hata hao waliokataza hawajalisema kwa mtu aliyesimama.

Hapa ndo penye hatari kuliko bendera yenyewe. Mtume amesema mtu akimwambia ndugu yake ewe kafiri, neno hilo litarudi kwa mmoja wao. Na sahaba Muadh aliporudi kutoka Sham, nchi za upande wa Syria, alimsujudia Mtume kabisa, sio kusimama, alimsujudia, kwa sababu kule aliona watu wanawafanyia hivyo viongozi wao wa dini. Mtume akamkataza, akamfundisha, hakumwambia umekufuru. Muadh alikosea kweli akafundishwa kwa upole, leo mtoto wa kidato cha pili anamhukumu mama yake aliyesimama tu!

Wimbo wa taifa nao ni dua, tunamuomba Mungu aibariki Afrika na viongozi wake. Najua wapo wanaosema tuni yake imetoka kwa Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya kanisa kule Afrika Kusini mwaka 1897, ni kweli, ila maneno tunayotamka sisi hayana kitu cha kukataa.

Nije kwa upande wa pili pia, maana hawa nao wana makosa. Askari na walimu wanaomshika mtu kwa nguvu au kumchapa sababu hakusimama wajue kwamba 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova waliofukuzwa shule kwa kutoimba wimbo wa taifa. Heshima ya kulazimishwa kwa kofi ni woga. Na wapo wanaosimama vizuri kabisa saa 12 alafu wakirudi mtaani wanamtukana mkimbizi wa Kirundi kwamba hana bendera hapa. Hao ndo wa kuogopewa, maana Muhajirina, waliohamia kutoka Makka, na Ansari, wenyeji wa Madina, walipoanza kuitana kwa makundi yao Mtume alisema iacheni hiyo, inanuka.

Sasa kuhusu kijana. Usimfokee na usimnyang'anye simu, ukifanya hivyo ataona ameonewa kwa ajili ya dini na atakua mgumu zaidi. Mwambie asimame kimya, kama hataki kuimba asiimbe, amtaje Mola wake moyoni. Nenda kwa mwalimu wewe na baba yake au mjomba wake, mueleze kwa adabu kwamba mtoto ana wasiwasi wa kidini na mnalishughulikia, asipewe adhabu. Alafu mtafutieni shekhe wa hapo mtaani wa kukaa nae ana kwa ana, amuulize yote yanayomsumbua, maana wa kwenye simu hamuoni wala hajui kama amemuelewa. Na akuombe radhi kwa lile neno, hilo msiliache lipite hivi hivi.

Wallahu aalam.