Nyoka wa ziwani na ukoo wa mama yake

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mvuvi, mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Ziwani kwetu yupo nyoka wa kahawia mwenye pete nyeusi shingoni, mla samaki, hujificha kwenye mawe. Binti yangu anasema zamani aliitwa Boulengerina, siku hizi Naja, yaani swila, kwa sababu ya DNA ya mitokondria. Nyoka ni yuleyule, jina limebadilikaje? Tena nina gamba alilojivua, nililiokota maweni. Lina faida?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Binti yako amesema kweli, mpe hongera zangu.

Jina Boulengerina lilitolewa mwaka 1886 na Louis Dollo, mtaalamu wa Ubelgiji. Enzi hizo ukoo wa nyoka ulitambuliwa kwa magamba, meno na umbo. Huyu wenu anaishi majini na anakula samaki, kwa hiyo akatengwa na swila wa nchi kavu.

Sasa nikupe kisa. Nilifundisha baiolojia Tabora miaka mingi. Muhula mmoja, nikisahihisha, nilikuta karatasi tano zimeandika “mitokondlia” badala ya mitokondria, vile vijisehemu vya seli vinavyotengeneza nishati. Sikumshtaki mtu, maana l na r huwachanganya wengi kila mmoja kivyake. Lakini tatu kati ya hizo zilikuwa zimeruka mstari uleule, na mbili katika hizo tatu zilichora utando wa ndani ukiwa na mkunjo uleule wa ziada. Hapo nilijua nani kanakili wapi, na wawili gani walikaa karibu zaidi. Nilichora hata matawi yake ubaoni, darasa zima likanyamaza.

Wataalamu wa nyoka wanafanya vivyo hivyo. DNA ni maandishi ya urithi ndani ya seli, na ile ya mitokondria ni waraka mfupi, kwa nyoka kama herufi 17,000, na mama ndiye anayewarithisha wanawe. Sisi wengi tunabeba jina la baba; waraka huu unafuata mama, bibi, mama wa bibi. Kila unaponakiliwa, mara chache herufi hukosewa, na kosa hilo hurithiwa. Nyoka wawili wakiwa na makosa mengi ya pamoja ambayo wengine hawana, wana bibi mmoja wa karibu. Herufi moja haitoshi, kama ile l ya wanafunzi wangu, ndiyo maana husomwa mamia na maelfu.

Mwaka 2007 mtaalamu wa nyoka Wolfgang Wüster na wenzake walichapisha matokeo ya kusoma waraka huo kwa swila wa aina nyingi. Nyoka wenu hakukaa kando ya swila: aliangukia katikati yao, kwenye tawi moja na swila wa msituni. Ukimwita Boulengerina na swila wa msituni ukamwita Naja, ni sawa na kumtoa mtoto kwenye familia huku ndugu zake wa tumbo moja umewabakiza. Kwa hiyo akarudishwa kwao, akawa Naja annulata. Jina la Dollo halikutupwa. Tangu 2009 linatumika kwa tawi hilo dogo ndani ya Naja.

Binti yako aongeze jambo moja. Waraka wa mama hausemi habari za baba. Aina mbili zikizaliana, unaweza kukupotosha, kwa hiyo siku hizi husomwa pia DNA ya kiini cha seli. Mtu akikuletea mti wa ukoo uliojengwa kwa mitokondria peke yake, muulize hilo.

Gamba lako lina faida. Kila seli ina nakala nyingi za waraka huu, hivyo hata ngozi iliyojivuliwa yaweza kusomeka. Usilioshe, wala usilitie fomalini, inaiharibu DNA. Likaushe kivulini, ulitie kwenye bahasha ya karatasi, uandike tarehe na mawe ya wapi. Na akinasa kwenye nyavu, usimshike kwa mkono hata akionekana mpole. Hukasirika mara chache, ila sumu yake ni ya swila.