Huwezi kumwasi usiyemtii

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mwasi ni nani hasa, na ana tofauti gani na mhaini au mpinduzi?

Neno hili nililisikia jikoni kabla sijalisikia redioni. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Pangani, alikuwa na onyo moja kwa mjukuu anayetumwa dukani akajifanya hasikii: "Ukimwasi mamako, radhi utaipata wapi?" Bunduki hapakuwa, msitu hapakuwa. Kitenzi asi tumekipata kwa Waarabu, na maana yake ya mwanzo ndiyo hiyo ya bibi: kukataa amri ya mwenye haki ya kuamuru. Kurani, katika sura ya Taha, inasema Adamu alimuasi Mola wake. Katika Biblia, Isaya hajafika mbali kabla Mungu hajalalamika kwamba watoto aliowalea wamemwasi. Na khatibu akituasa Ijumaa tuepukane na maasi, anasema madhambi, hasemi habari za kambi ya jeshi.

Kwa hiyo ukimwita mtu mwasi, umeshatoa hukumu kabla hujamsikiliza. Umekubali kwamba aliye juu yake alistahili kutiiwa.

Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na sita, na swali lililonitoa jasho liliulizwa na msichana wa kidato cha pili, dawati la nyuma, ambaye muhula mzima hakuwa amenyoosha mkono. "Mwalimu, Januari 1964 ya Zanzibar tunaiita mapinduzi, ya Colito tunaiita maasi. Kwa nini?" Zanzibar ilikuwa tarehe 12, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliinuka tarehe 20. Siku nane, na mkono wa bahari katikati. Nikamjibu kiualimu: mapinduzi huiangusha serikali na kuweka nyingine, maasi ni askari kukataa amri za wakubwa wao. Wale wa Colito walitaka nyongeza ya mshahara na maofisa wa Kiingereza waondoke, hawakukitaka kiti cha Nyerere. Nikaongeza kwamba makomando wa Kiingereza walishuka tarehe 25 wakawanyang'anya silaha, jeshi lile likavunjwa, na Septemba mwaka uleule ikaundwa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Akaandika yote. Kisha akauliza, kalamu bado mkononi: "Na wale wa Zanzibar wangeshindwa?"

Kengele ikalia. Sijawahi kuishukuru kengele namna ile.

Jibu nililipata barazani, kwenye redio ya jirani. Tangu mwishoni mwa 1996 Laurent Kabila alikuwa "kiongozi wa waasi" kila jioni saa ya taarifa ya habari. Mei 17, 1997 majeshi yake yakaingia Kinshasa, na haikupita muda akawa "Rais Kabila", kwa sauti ileile ya mtangazaji yuleyule. Museveni naye alikuwa mwasi wa msituni mpaka Januari 1986 alipoishika Kampala. Simlaumu mtangazaji; taarifa ya sekunde arobaini haina nafasi ya kueleza nani alimkosea nani kwanza. Siku hizi huko Kivu, mashariki mwa Kongo, kundi la M23 ni waasi, na vikundi vinavyopigana nao upande wa serikali ni Wazalendo. Wote wamebeba bunduki.

Mhaini ni mtu mwingine. Yeye bado yuko mezani, anakula na mwenye nyumba huku akimchimbia shimo, na sheria ina kosa lake, uhaini. Mwasi ameshasimama, ameshatoka nje, kila mtu anajua alipo.

Linaloniuma ni la kwetu Pangani. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuja kupandisha bendera yake, watu wakainuka, na Abushiri bin Salim akawaongoza mpaka aliponyongwa hapohapo Pangani Desemba 1889. Wajerumani waliita vita vile uasi wa Waarabu. Waarabu gani, na Bwana Heri wa Saadani alipigana pamoja na Wazigua wake? Na uasi gani? Watu walikuwa hawajamtii Mjerumani hata siku moja, wangemwasi vipi? Labda useme walimwasi Sultani wa Unguja, aliyekuwa amewakodisha kwa kampuni ile bila kuwauliza. Hapo angalau tungekuwa na la kubishania. Lakini bado naliona neno "uasi" katika maandishi ya Watanzania wenzangu, limenakiliwa kama lilivyotoka kwa Mjerumani.

Kuhusu tahajia, mwasi na muasi yote yamo katika kamusi, msigombane. Ila msafiri wa Kinshasa aangalie: kwa Kilingala mwasi ni mwanamke, tena bila kosa lolote.

Nilitaka kumalizia kwa kusema hakuna ajiitaye mwasi kwa hiari yake. Mwanangu wa mwisho ameniharibia. Wiki ya harusi yake aliandika kwenye kundi la WhatsApp la kamati: "Jamani, Jumamosi naasi rasmi chama cha makapera." Watu wakamtumia makofi na michango iliyokuwa imechelewa.