Jibu: Hornet kuyumba pua wakati wa kutua

Habari mkuu. Nimekuelewa: F/A-18C (Hornet, ndege ya kivita) uliyoiongeza kwenye simuleta ya ndege inaruka vizuri, ila ukikaribia kutua pua inapanda na kushuka, kisha unapitiliza barabara ya kutulia.

Sijui unatumia joistiki gani, kwa hiyo anzia hapo. Fungua mipangilio uiachie mkono; kama alama ya katikati inachezacheza, ongeza kidogo eneo la katikati lisilosoma. Hilo ni la dakika moja.

Kazi yenyewe iko kwenye trimu, yaani kitufe cha kuiweka pua mahali pake bila kushikilia joistiki. Toa magurudumu, weka flapu (vibao vya nyuma ya mbawa) FULL, halafu sahau kasi. Kasi hubadilika kulingana na uzito, pembe ya mbawa dhidi ya upepo haibadiliki: unatafuta nyuzi 8.1. Bonyeza trimu kidogokidogo, huku ukitazama taa tatu zilizo kushoto kwa HUD, kioo cha mbele ya rubani kinachoonyesha vipimo. Kijani, unakwenda polepole mno. Nyekundu, unakwenda kasi mno. Duara la njano ndilo lenyewe. Likishawaka, kompyuta ya ndege huishikilia pembe hiyo, nawe acha kuvutana na joistiki. Kushuka na kupanda sasa ni kwa throto (mpini wa nguvu ya injini), kwa misukumo midogo midogo isiyokoma. Mkono wa kushoto utachoka, ndivyo inavyotakiwa.

Na usiinue pua dakika ya mwisho kama ufanyavyo na ndege ndogo ya Cessna. Ndege hii iliundwa kutua melini, miguu yake inahimili kishindo. Iache igonge.

Ukijaribu, punguza mafuta kwanza. Ikiwa nzito inasumbua bure.