Mtaalamu aje darasani kwangu, semina zimetosha

Mmeuliza wiki hii serikali na wataalamu wasaidieje ili mtoto mwenye ulemavu asome darasa moja na wenzake. Mi nafundisha la tatu, shule ya msingi huku upande wa Usa River, Arusha, nina watoto 87 na mkondo ni mmoja.

Sheria zipo jamani, tusisingizie. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya 2010. Na chuo cha walimu wa elimu maalumu, Patandi, kipo hapa hapa Tengeru, napita na daladala kila siku. Ila huku kwetu mwalimu akishatoka chuo anapelekwa kitengo, yani madarasa ya pembeni ya watoto wenye ulemavu, anabaki huko na watoto wake, sisi wa madarasa ya kawaida tunaonana nae kwenye chai tu.

Mwaka juzi nilikuwa na mtoto mwenye uoni hafifu, mi nikajua mvivu, yani anaandika mstari mmoja anaanza kuchungulia daftari la mwenzie, nilimkalipia sana mpaka leo naona aibu. Siku moja mwalimu wa kitengo kaja kuomba chaki, akasimama mlangoni kama dakika mbili hivi akaniambia madam, ubao wako unang'aa, mwanga wa dirisha lile unaupiga, huyu haoni kitu. Tukafunga kanga dirishani, nikaanza kuandika herufi kubwa na kila ninachoandika nakisoma kwa sauti. Basi. Kumbe hata wa nyuma kule walikuwa hawaoni, madaftari yakaanza kujaa. Hatukutumia hata mia, kanga yenyewe ilikuwa yangu (haijarudi).

Sasa naomba hivi, ratiba ya huyo mwalimu iwe na vipindi vya kuzunguka madarasani kwetu, na tukikaa MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, tuandae nae somo la wiki inayofata, sio analetwa mtu na projekta siku moja, tunasaini posho, tunaondoka. NECTA, baraza la mitihani, wanatoa mitihani ya nukta nundu (ya wasioona, wanasoma kwa vidole) na maandishi makubwa na muda wanaongeza, safi kabisa, lakini mtihani wa la saba ni siku mbili, hizo nyingine zote mtoto yuko na mimi na chaki yangu.

Njia ya kiti mwendo ndo kichekesho. Tumejengewa moja, inaingia ofisi ya mwalimu mkuu. Madarasani hamna, chooni hamna, mapumziko watoto wanaitelezea.