M-Pesa ilibadilisha mfumo 2015 kwa sababu ya kuzidiwa

Haikuwa kufuata mtindo. Mfumo wa zamani ulikuwa umeelemewa. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na kabla ya mabadiliko hayo seva zake, yaani kompyuta zinazoiendesha, zilikuwa Ujerumani. Miaka minane baadaye mamilioni ya watu walikuwa wakiitegemea kila siku, na kila ilipokwama, biashara za watu zilikwama nayo. Aprili 2015 Safaricom, kampuni ya simu yenye huduma hiyo, ikahamia mfumo mpya, seva zikaletwa Kenya: kasi ikaongezeka, na ikawa rahisi kuunganisha benki na wafanyabiashara. Mameneja wengi huamua hivyo kazi inapouzidi mfumo uwezo. Ila wakati mwingine ni sheria tu inayowalazimisha, kama mashine za risiti za kodi (EFD) za Mamlaka ya Mapato (TRA) kule Tanzania kuanzia 2010.