Kila siku "zima uwashe", waifai haiponi

SWALI: Fundi shikamoo, waifai sebuleni iko poa ila chumbani inakatakata, nikipiga huduma kwa wateja jibu ni lilelile, zima ruta uwashe. Nimechoka.

JIBU: Marahaba, pole sana. Kuzima na kuwasha kunasaidia ruta ikiganda, lakini ukuta wa tofali uko palepale! Angalia jina la waifai kwenye simu, likiishia na 5G mara nyingi hiyo ni ya mawimbi ya gigahezi 5, ina spidi ila ukuta unaimaliza, kwa hiyo ukiwa chumbani hamia ile nyingine, ya gigahezi 2.4, halafu toa ruta nyuma ya tivii uiweke juu, katikati ya nyumba. Ila taa iliyoandikwa LOS kwenye kifaa cha faiba ikiwaka nyekundu, shida iko kwenye laini ya faiba, waambie huduma kwa wateja walete fundi, wasikuzungushe.